Ami alimwaga oili ya boti kwenye tangi la Pejo langu: injini kuukuu yalainishwa kwa petroli?

PejoLaBaba

Asalaam aleikum wanajamvi. Maneno ni mengi, mwenye haraka apite, mwenye kahawa akae.

Nina Pejo 504, pikapu, niliyoachiwa na marehemu baba. Imebeba maembe kutoka Kakoneni, imebeba mawe, imebeba maiti, imebeba maharusi. Mwezi uliopita ikaanza kelele asubuhi inapowashwa, tik-tik-tik kama cherehani ya fundi wa kanzu. Ami yangu, mvuvi tangu sijazaliwa, akainamisha sikio kwenye boneti akasema, "Injini hii koo limekauka." Akaingia stoo, akatoka na chupa ya oili ya mashine ya boti, akamimina nusu lita. Tangi lilikuwa na petroli lita kama 25. Hesabu yake ni ile ile ya baharini, moja kwa hamsini.

Siku ya kwanza, wallahi, nilidhani ami ana kipaji. Kelele niliona imepoa. Siku ya tatu navuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui, gari likaanza kumisi. Moshi wa buluu ukatanda nyuma mpaka tuktuk iliyonifuata ikapiga honi kwa hasira. Nikafungua plagi nikazikuta nyeusi, zimelowa, utadhani zimechovywa kwenye lami. Nikazisugua kwa brashi ya waya, nikamwaga petroli yote, nikatia safi. Likatulia. Na ile cherehani ya asubuhi nayo ikarudi.

Sasa naona madukani mjini rafu imejaa vichupa: cha kulainisha valvu (vile vizibo vya kuingiza hewa na kutoa moshi), cha badala ya risasi (madini yaliyokuwa yakitiwa kwenye petroli zamani), cha kusafisha nozo (vinyunyizio vya mafuta), cha kurudisha ujana wa injini (cha mwisho hicho nami nakitaka). Nani hasa anavihitaji? Au ni sisi wenye magari ya zamani tunauziwa hofu?

NahodhaWaKusi

Ami yako hana kosa. Mashine yangu ya boti yanywa petroli na oili miaka nenda miaka rudi, kusi na kaskazi, haijanilaza baharini hata siku moja. Kilichokuponza ni Pejo lenyewe, limechoka.

FundiBarani

Nahodha, kwa heshima zote, hapo umelinganisha papa na punda.

Mashine ya boti ya tu-stroki haina sampu, haina bakuli la oili chini. Petroli na hewa hupita kwanza kwenye nyumba ya kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), chini kabisa, ndipo zipande juu zikachomwe. Zikipita huko chini bila oili, beringi za kranki na ukuta wa silinda havina pengine pa kupata ulaini. Ukisahau oili siku moja, mashine inakwama na mawimbi yanakusindikiza hadi usikokujua. Kwa hiyo oili ndani ya petroli ni uhai wake.

Pejo ina sampu yenye lita kadhaa za oili. Kranki inapozunguka, oili inarushwa kwenye kuta za silinda kutoka chini, na pistoni ina ringi ya kazi maalumu ya kuipangusa ile iliyozidi isipande juu. Yaani aliyeunda injini alihangaika oili ISIINGIE chumba cha moto, na ami akaipitisha mlango wa mbele. Ikifika mle haichomeki vizuri kama petroli. Inaacha masizi kwenye plagi, juu ya pistoni, na kwenye shingo za valvu. Tena inashusha nguvu ya petroli ya kuvumilia mgandamizo, ndiyo sababu gari la namna hiyo ukilikanyaga mlimani unasikia linagonga gonga, petroli ikijiwakia yenyewe ovyo.

Na hiyo kelele kupoa siku ya kwanza, samahani, ni masikio yako. Tapeti, vile vyuma vya kusukuma valvu zifunguke, ziko juu ya hedi (kichwa cha injini), chini ya kifuniko cha valvu, zinalainishwa na oili ya sampu peke yake. Petroli haizigusi, wala kilichomo ndani ya petroli. Fungua kifuniko, chukua fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), pima nafasi injini ikiwa baridi, linganisha na kitabu cha gari. Fanya hivyo kabla hujanunua kichupa chochote.

MorisiYaHarusi

Fundi, mimi nina Morris Minor ya babu, ile ya duara kama kobe. Hatuiendeshi ila Ijumaa na Jumamosi kusindikiza maharusi, kutoka Shela mpaka ufukweni wapigwe picha, basi. Kila mtu ananiambia lazima nitie dawa ya badala ya risasi, la sivyo valvu zitaungua. Kweli au porojo?

FundiBarani

Hili lina ukweli ndani yake, ndiyo maana linawachanganya watu. Nipe nafasi.

Mwaka 1921, kwenye maabara ya General Motors huko Marekani, Thomas Midgley na wenzake waligundua kwamba mchanganyiko wa risasi ukitiwa kwenye petroli kwa kiasi kidogo tu, injini inaacha kugonga. Hiyo ndiyo ilikuwa shabaha yao. Faida ya pili ilijitokeza yenyewe: risasi ikichomeka inaacha utando mwembamba sana kwenye siti za valvu, pale valvu inapokalia ikijifunga. Valvu ya ekzosi inapiga siti yake mara elfu na zaidi kwa dakika, ikiwa imeiva kwa moto. Chuma kwa chuma, kwenye joto lile, vinang'ang'aniana na kunyofoana chembe chembe. Utando wa risasi ulikaa katikati kama mkeka.

Kisha risasi ikaondolewa, na ilistahili kuondolewa, maana ni sumu, inaharibu akili za watoto. Uingereza iliacha kuiuza kwa magari ya kawaida mwanzoni mwa mwaka 2000. Sisi Kenya, pamoja na karibu nchi zote za kusini mwa Sahara, tuliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021, na waliotangaza ni shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ambalo makao yake yako Gigiri, Nairobi.

Sasa swali ni hedi yako ni ya nini. Hedi ya aluminiamu haiwezi kuwa siti yenyewe, kwa kuwa aluminiamu ni laini mno. Kiwandani walilazimika kupachika pete za chuma kigumu. Pejo 504 hedi yake ni ya aluminiamu. Corolla ile ya zamani, KE70, yenye injini ya 4K, ni aluminiamu. Wenye magari hayo dawa ya badala ya risasi wasiipotezee pesa. Morris Minor hedi yake ni chuma cha kalibu, na siti zimechongwa ndani ya chuma hicho hicho, bila pete. Ford Cortina za zamani nazo vivyo hivyo. Hao ndio wagonjwa halisi wa jambo hili.

Lakini hata kwa hao, ugonjwa unakuja kwa mbio na mzigo. Gari linalokimbizwa Malindi hadi Mombasa, kilomita 120, mguu chini, siti zitalika. Gari la maharusi linalotembea kwa mwendo wa ngamia litaishi miaka bila shida. Kwako wewe Morisi, pima tapeti kila baada ya miezi michache uandike mahali. Na hapa shika neno, maana watu wengi wanalielewa kinyume: siti ikilika, valvu INAZAMA ndani ya hedi, shina lake linapanda juu, nafasi ya tapeti inapungua. Injini inazidi kuwa kimya! Mwenyewe anafurahi, anasema gari limepona. Nafasi ikiisha kabisa, valvu haifungi tena, moto unapenya pembeni, na hapo ndipo inaungua. Injini ya hedi ya chuma iliyonyamaza ghafla inanitisha zaidi kuliko yenye kelele.

Ukiona nafasi inapungua kila ukipima, una njia mbili. Dawa ya badala ya risasi ipo na inafanya kazi kwa kiasi, nyingine zina potasiamu, nyingine manganizi, nyingine fosforasi. Chagua moja ushikamane nayo, usichanganye aina mbili kwenye tangi moja. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa, si kwa jicho. Njia ya pili ni kupeleka hedi karakana ya kuchongea vyuma, wapachike siti ngumu, na habari ya dawa iishe hapo. Mimi ningefanya ya pili siku hedi ikifunguliwa kwa sababu nyingine. Kuifungua makusudi kwa gari la harusi ni kujitafutia kazi.

MorisiYaHarusi

Allah akuzidishie. Nimekuwa nikitia kichupa kizima kila mwezi kwa lita kumi za petroli. Nadhani nimekuwa nikinywesha gari dozi ya lori.

KijanaWaProbox

Na sisi wa nozo? Nimeambiwa nitie cha kusafisha kila nikijaza.

FundiBarani

Kila ukijaza ni biashara ya mwenye duka. Tafuta chenye sabuni iitwayo PEA, tia mara moja kila kilomita elfu kadhaa, inatosha. Hicho ni kisafishaji, si kilainishi, msivichanganye.

BintiGongoni

Nasoma kimya tangu asubuhi, sasa naingia. Tuna Hilux ya dizeli, injini ya 2L, inabeba chumvi hapa Gongoni na Marereni. Asubuhi kuwaka ni shida, na pampu imeanza kulowa dizeli pembeni. Fundi wa hapa anasema dizeli ya siku hizi "ni kavu," tutie oili ya tu-stroki. Huyu naye ni ami wa Pejo au ana hoja?

FundiBarani

Dada, huyo ana hoja, ila nusu.

Kwenye petroli kilainishi cha kutiwa tangini mara nyingi ni kutafuta kazi. Kwenye dizeli ni habari nyingine kabisa. Pampu ya 2L ni ile ya kuzunguka, ya muundo wa VE. Ndani yake vyuma vimesuguliwa kwa usahihi wa kupita unywele, na HAKUNA oili inayoingia mle. Kinachoilainisha ni dizeli inayopita. Land Cruiser ya 1HZ ni hivyo hivyo, na Land Rover za zamani za dizeli pia. Ila ukipata Land Cruiser ya 2H, ile ya pampu ndefu yenye bomba la kila silinda limepangwa mstari, kamshafti ya pampu yake inaogeshwa na oili ya injini. Hiyo ina uvumilivu zaidi.

Neno "kavu" limetoka wapi? Zamani dizeli ilikuwa na salfa nyingi. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki ziliingia kwenye dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Salfa inaondolewa kwa haidrojeni kwenye joto na mgandamizo mkubwa, na kazi hiyo inaondoa pia chembe nyingine ndogo ambazo ndizo zilikuwa zinashika chuma na kukilainisha. Watu wengi wanadhani salfa ndiyo iliyokuwa kilainishi. Siyo, ilitoka tu pamoja na hao wenziwe.

Lakini waliofanya hivyo hawakuwa wajinga. Dizeli inarudishiwa kilainishi kabla ya kuuzwa. Kipimo chenyewe kinafurahisha: kigololo cha chuma kinasuguliwa juu ya kibao ndani ya dizeli yenye joto la nyuzi 60, kisha wanapima kovu lililobaki kwenye kigololo. Ulaya kovu lisizidi maikroni 460, yaani chini ya nusu milimita. Kwa hiyo dizeli halali kutoka kituo halali cha mafuta si kavu.

Iliyo kavu kweli ni ile iliyotiwa mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni mepesi, hayana mshiko. Mchezo huo ulikithiri hadi serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ili yasiwe na faida ya kuchanganywa. Dizeli ya jerikeni kando ya barabara, ya bei ya huruma, ndiyo inayokula pampu. Hakuna kichupa cha kuiokoa.

Na huko kulowa kwa pampu si ukavu. Ni raba. Sili za zamani zilizozoea dizeli ya zamani zikikutana na dizeli iliyosafishwa sana husinyaa, na zikiwa zimekakamaa kwa umri zinavuja. Na pampu inayovuja inaingiza hewa usiku, ndiyo asubuhi haiwaki! Badilisha sili kwanza.

Kisha fungua kizibo cha chini cha kitenga maji, umwage. Nyinyi mko kwenye chumvi na unyevu, tangi likilala nusu tupu linatoa jasho ndani. Maji yanaua pampu upesi kuliko ukavu.

Baada ya hayo yote, ukitaka kutia oili ya tu-stroki, moja kwa mia mbili, sikukatazi. Yaani robo lita kwa lita 50. Iwe ile ya boti yenye alama TC-W3, kwa sababu hiyo imeundwa isiache majivu. Ile ya pikipiki huwa na majivu kidogo. Na oili chafu ya injini, hata ikichujwa kwa kanga saba, usiitie. Mwenye dizeli za kisasa zenye mgandamizo mkubwa na chujio kwenye ekzosi asiisome aya hii kabisa.

PejoLaBaba

Kwa hiyo chupa ya ami ilikuwa sahihi, ila ilikosea gari!

MlamuWaMokowe

Sisi Lamu kisiwani tunawasikiliza tu. Usafiri wetu unakula nyasi, kilainishi ni maji ya birika, na tapeti zake ni kwato. 😄

Ila nina swali la kweli, maana lori letu linalala Mokowe. Mzee mmoja ananishawishi nitie mafuta ya nazi kwenye dizeli. Anasema nazi tunazo, kwa nini tununue vya wazungu?

FundiBarani

Mzee huyo hajapotea sana. Visiwa vya Vanuatu, huko Pasifiki, watu wameendesha injini za dizeli kwa mafuta ya nazi. Na ni kweli mafuta ya mimea yaliyogeuzwa kuwa dizeli, hata asilimia 2 tu, yanaongeza ulaini sana.

Taabu ni neno "yaliyogeuzwa". Mafuta ya nazi mabichi yanaganda kwenye nyuzi 24 hivi. Sasa hivi joto hili huwezi kuona shida, lakini usiku wa Julai kusi likivuma, chupa ya bibi yako dirishani huwa nyeupe, sivyo? Na filta ya lori ni hivyo hivyo. Pia yanaacha gundi kwenye nozo. Wali wa nazi ndio mahali pake.

Mafuta ya mbarika nayo msije mkauliza. Yalitumika sana kwenye injini za mashindano zamani, hata jina la Castrol limetokana nayo, lakini yalitiwa kwenye oili ya injini. Kwenye petroli yanajitenga.

HesabuNdogo

Fundi nakukubali, ila unawapa hawa wauza vichupa heshima isiyo yao. Slick 50 ilitangazwa miaka mingi kwamba inapunguza ulikaji wa injini, watu mamilioni wakanunua. Tume ya biashara ya serikali ya Marekani ikawauliza ushahidi uko wapi, na mwaka 1997 wakakubali kuacha madai hayo. Hiyo ilikuwa ya kutiwa kwenye oili, najua, lakini mdomo wa muuzaji ni ule ule. Mimi nina swali moja tu kwa kila kichupa: kinafanya nini, na kwa sehemu gani ya injini? Asiyenijibu sehemu, anabaki nacho.

NahodhaWaKusi

Basi hata mafuta ya kula hayajibu sehemu, na mnakula.

BintiGongoni

Mrejesho. Sili za pampu zimebadilishwa. Kitenga maji kimetoa maji karibu kikombe cha kahawa, rangi ya chai ya rangi. Asubuhi ya leo imewaka mara ya kwanza. Tu-stroki bado sijatia, naogopa nitaisifia oili kwa kazi ya raba.

PejoLaBaba

Na mimi mrejesho wangu, nilichelewa kwa sababu ya msiba Barani.

Jumamosi nilifungua kifuniko cha valvu injini ikiwa baridi. Tapeti mbili za ekzosi zilikuwa wazi mno, nafasi karibu mara mbili ya iliyo kitabuni. Kokwa ya kufungia moja ilikuwa imelegea kwa mkono. Nimeziseti zote nane, nimebadilisha gasketi ya kifuniko kwa kuwa ya zamani ilivunjika kama biskuti. Cherehani imeondoka. Gharama yote ni gasketi na fila geji niliyoazima, ambayo mwenyewe anaitaka leo jioni.

Ami alikuja kusikiliza. Ameinama kwenye boneti muda mrefu, kisha akasema, "Unaona? Oili ile ilikuwa bado inafanya kazi." Sikumjibu, ni mdogo wake baba.

Ila imebaki nusu lita kwenye ile chupa na alama ya TC-W3 ninaiona. Binti, ukiitaka nikutumie kwa matatu ya Gongoni?

NahodhaWaKusi

Hiyo chupa ni yangu. Ami yako aliniazima siku ile kwenye forodha, akasema ni ya boti. Usiitume popote, nakuja kuichukua baada ya Alasiri.